Blustemu ndogo uani, Des Moines: shajara ya mradi tangu kuua ukoka hadi mwaka wa tatu

Eneo ni ua wa mbele mjini Des Moines, Iowa: mita za mraba 40, mteremko mdogo unaoelekea kusini, jua la muda wa saa 8 hivi kwa siku wakati wa kiangazi. Uliokuwepo ni ukoka wa kawaida wa Marekani, Poa pratensis, wa kukatwa kila wiki na kumwagiliwa kila Julai. Inayoingia ni Schizachyrium scoparium, nyasi asilia ya mbuga za prairi, ambayo humu tunaiita blustemu ndogo ili isichanganywe na blustemu kubwa, Andropogon gerardii. Hiyo kubwa hufika mita 2 na kupita, na kwenye ua mdogo humeza kila kilicho chini yake. Haimo katika mradi.

Blustemu ndogo humea kwa mashina (mafungu ya mabua) yaliyojitenga, kila moja na duara lake, wala haitambai chini ya ardhi kama ukoka. Hufika sentimita 60 hadi 120. Mizizi hushuka mita 1.5 na zaidi. Kiangazi majani ni ya kijani chenye ubuluu, Oktoba yanageuka rangi ya shaba, na mabua hubaki wima theluji ikianguka na kuyeyuka. Ni ya kundi moja na mtama, mahindi na muwa, na jenasi yake ina ndugu huko Afrika Mashariki, Schizachyrium sanguineum. Prairi iliwahi kufunika sehemu kubwa ya Iowa. Iliyosalia haifiki asilimia 0.1 ya ile ya awali. Anayetaka kuiona nyasi hii katika makazi yake kabla ya kuchimba ua aende hifadhi ya Neal Smith karibu na Prairie City, mashariki mwa Des Moines, mwishoni mwa Septemba au Oktoba.

Sharti moja limewekwa mapema kwa kuwa ndilo linalovunjwa kuliko yote: hakuna samadi, hakuna mboji, hakuna mbolea ya dukani. Aliyekulia kwenye migomba ya Kivu au mahindi ya Mbeya ataona huo ni uzembe. Lakini blustemu ndogo kwao ni vilimani, penye changarawe na mchanga, palipokauka. Udongo mweusi wa Iowa ya kati tayari ni mnono kupita inavyohitaji. Ukiilisha, inarefuka haraka, mabua yanalegea, na mvua ya kwanza ya Agosti inailaza.

Mwaka wa maandalizi, Juni

Kipimo cha maji: shimo la sentimita 30 kwenda chini, likajazwa, likaachwa likauke, likajazwa tena. Mara ya pili maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, pameridhisha. Yakituama hadi kesho yake, usipande nyasi hii hapo. Baridi ya masika yenye maji huozesha kitako cha shina, na majani ya juu hayatakuonyesha tatizo hadi Mei, wakati jirani zake wanachipua nalo liko kimya. Hapa maji yalishuka vizuri isipokuwa kona ya kaskazini, chini ya bomba la paa. Bomba limeongezwa urefu ili maji yamwagike njiani.

pH si jambo la kukesha nalo: blustemu inavumilia kuanzia 5.5 hadi karibu 8. Usiweke chokaa.

Kabla ya sepeto kugusa ardhi, simu ilipigwa 811, huduma isiyolipiwa inayoleta watu wa kuweka alama mahali nyaya na mabomba ya gesi yalipopita. Na kanuni za mji zikasomwa: miji mingi ya Marekani ina kikomo cha urefu wa majani ya uani, na mkaguzi hawezi kujua kwamba unachokiita bustani si ua uliotelekezwa. Kinga ya kweli ni ukingo. Tumeacha ukanda wa sentimita 60 wa ukoka unaokatwa kando ya njia ya waenda kwa miguu, na kibao kidogo chenye jina la mmea.

Julai na Agosti: kuua ukoka

Njia iliyochaguliwa ni kuupika kwa jua. Ukoka ulikatwa chini kabisa kadiri mashine ilivyoweza, ukamwagiliwa hadi udongo ukalowa kina cha kiganja na zaidi, kisha nailoni angavu yenye unene wa kati ya milimita 0.025 na 0.1 ikatandazwa na kuvutwa ikakaza. Kingo zote zimefukiwa kwenye mfereji wa sentimita 15. Muda ni wiki 6 hadi 8, katika joto kuu la mwaka.

Nailoni lazima iwe angavu. Nyeusi inazuia mwanga na kuua kwa njaa, na hilo linataka miezi, tangu masika hadi vuli. Angavu inapitisha jua na kuzuia joto lisitoke, ndiyo inayopika. Maji nayo si ya hiari, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi joto chini.

Vinavyoharibu kazi hii: nailoni iliyolegea inayopigapiga kwa upepo na kutoa joto, tundu moja lisilozibwa kwa mkanda, na kivuli cha mti kinachopita mchana. Ukanda wa pembeni wa sentimita 30 haupati joto la kutosha kamwe, kwa hiyo tandika kupita mpaka wa kitalu. Mizizi ya Cirsium arvense, ule mbaruti wenye miiba, na ya Convolvulus arvensis inayojisokota, iko chini mno. Hiyo itarudi na itang'olewa kwa mkono.

Nailoni ilipotoka, kishawishi kilikuwa kulima. Hapana. Kila inchi unayogeuza inaleta juu mbegu za magugu zilizolala miaka. Ukoka uliokufa umeachwa palepale, ukakwaruzwa kwa reki sentimita 2 tu. Yaliyochipua Septemba yamekatwa kwa jembe la kusukuma, na majira ya baridi kitalu kimefunikwa turubai jeusi.

Novemba: mbegu na hesabu yake

Zimenunuliwa za asili ya Iowa, si za aina iliyoboreshwa. Aina kama 'The Blues' au 'Standing Ovation' zina nafasi yake (hiyo ya pili inasimama wima vizuri hata kwenye udongo mnono), ila huuzwa kama miche iliyogawanywa, kila mche nakala ya mwenzake. Kwa kitalu cha mbegu tunataka mchanganyiko wa damu.

Lebo ya mfuko isomwe kabla ya bei. Mbegu za nyasi hizi zina manyoya, vikonyo na makapi, hivyo uzito wa mfuko si uzito wa mbegu. Zidisha usafi kwa uhai: usafi wa asilimia 90 na uhai wa asilimia 80 unatoa 0.72, yaani gramu 72 tu za mbegu hai safi katika kila gramu 100 ulizolipia.

Kitalu kimegawanywa vipande viwili. Kipande A ni mita za mraba 12, cha miche. Kipande B ni mita za mraba 28, cha mbegu za kumwaga. Kwa B tunataka mbegu hai 150 za blustemu kwa mita ya mraba, pamoja na 100 za Bouteloua curtipendula, nyasi fupi inayoishi nayo, na 250 za maua. Gramu moja ya blustemu ina mbegu 530 hivi. Basi 28 mara 150 ni 4,200. Gawa kwa 530, gramu 7.9, gawa kwa 0.72, gramu 11. Ni kiganja kimoja tu, na hapo ndipo wengi hutia shaka na kumwaga mfuko mzima. Wakimwaga, nyasi inashika kila pengo na maua hayapati pa kuanzia.

Maua: Liatris aspera, Echinacea pallida, Dalea purpurea, Asclepias tuberosa. Yote ya udongo mkavu, yote ya kimo kinacholingana na nyasi. Monarda fistulosa imekataliwa. Ni ua zuri, nyuki wanalipenda, lakini kwenye udongo mnono linatanua hadi linakuwa bustani yenyewe.

Mwaka wa kwanza, Februari na Machi

Katikati ya Februari mbegu za maua zilichanganywa na mchanga wenye unyevu (ukiuminya usidondoshe maji), zikaingizwa friji kwenye mifuko yenye majina na tarehe. Echinacea pallida ndiyo inayohitaji muda mrefu zaidi, karibu siku 90. Bila baridi hiyo nyingi hazitaota mwaka huu. Blustemu yenyewe haidai. Mwezi mmoja wa baridi unaisaidia kuota kwa pamoja, hasa mbegu mpya, basi.

Mwisho wa Machi, trei ya vishimo 72. Udongo wa trei ni mboji ya sfagno (kuvu ya kinamasi iliyokauka, isiyo na rutuba) na perlaiti (chembe nyepesi za mwamba uliovimbishwa kwa joto), bila mbolea. Mbegu 3 au 4 kwa kishimo, zikabanwa kwa kidole na kufunikwa milimita 3 hadi 6. Zikienda chini zaidi hazitoki. Joto la nyuzi 21 hadi 24, taa ya LED saa 14 hadi 16 kwa siku. Zinaanza kuchomoza baada ya wiki moja au mbili, na zinazochelewa huendelea hadi wiki ya nne, kwa hiyo usitupe trei mapema.

Hakuna kupunguza miche: mitatu kwenye kishimo kimoja itakuwa shina moja. Maji yanatoka chini, trei ikikalishwa kwenye sinia kisha ikiondolewa. Miche inayoanguka ghafla ikiwa imesinyaa penye udongo imeshikwa na ukungu wa unyevu. Tiba ni kukausha uso wa udongo na kuwasha feni ndogo. Ikifika sentimita 15 inakatwa kwa mkasi ibaki 8. Kitako kinanenepa na mizizi inashika kishimo.

Mei

Turubai limeondolewa mwishoni mwa Aprili, magugu yaliyochipua yakakwaruzwa. Miche imezoeshwa nje siku 7 hadi 10, kwanza kivulini. Kupanda kumesubiri katikati ya Mei. Jalidi ya usiku mmoja inaweza isiue mche uliozoeshwa, lakini udongo baridi unausimamisha na hakuna faida iliyopatikana. Nyasi hii ni ya joto. Hukua kwa nguvu hewa ikifika nyuzi 30, wakati ukoka unachoka.

Kipande A: nafasi ya sentimita 40 kila upande, mashimo 75, ambayo 50 ni blustemu na 25 maua. Nafasi pana zaidi ya hapo inaacha kila shina likipambana na upepo peke yake. Kitako cha mche kikae sawa na uso wa ardhi. Kikizama kinaoza, kikibaki juu mizizi inakauka. Maji ya kushiba siku ya kupanda, kisha mara mbili kwa wiki pasipo mvua hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo hakuna tena. Wavu wa kuku umezungushwa, kwa sababu sungura wa Iowa huvuta mche wote ili aonje ncha.

Kipande B: mbegu zote na mchanga wao ziliongezwa mchanga wa ujenzi wenye unyevu hadi kujaza ndoo ya lita 10. Nusu ya ndoo ilimwagwa kwa kutembea kaskazini hadi kusini, nusu mashariki hadi magharibi. Mchanga una kazi mbili: unazuia manyoya yasishikane, na rangi yake inaonyesha palipokosa. Reki ikapita kwa mgongo, kisha ubao ukalazwa na kukanyagwa hatua kwa hatua. Kushindilia huku ndiko kunakorukwa, na ndiko kunakoamua: mbegu isiyobanana na udongo hunyonya maji asubuhi na kukauka jioni, ikafa na ncha imekwisha kutoka. Majani makavu ya ngano juu yake, machache kiasi kwamba udongo bado unaonekana.

Juni hadi Septemba

Kipande B kinatisha. Magugu ya Digitaria, Setaria, Chenopodium album na Ambrosia yamefunika kila kitu na blustemu haionekani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mwaka wa kwanza nyasi hii inajenga mizizi, na juu ina vijani vitatu vinne.

Usipalilie kwa kung'oa, maana gugu linatoka na miche mitatu iliyoshika mizizi yake. Kata. Kila magugu yakifika sentimita 25 au 30, mashine inapita kwa kimo cha 12 hivi, juu ya vichwa vya miche. Gugu la mwaka mmoja likikatwa kabla ya kutoa mbegu limekwisha kazi. Vipande vikiwa vingi vikusanywe. Vikibaki vinaleta kivuli na naitrojeni, vyote viwili visivyotakiwa. Mwisho wa kukata ni mapema Septemba.

Namna ya kuitambua blustemu changa: piga goti, shika kitako kwa vidole viwili. Ni bapa, si duara, na majani yamekunjwa katikati kama kitabu. Rangi ina ubuluu, mara nyingi na wekundu wa zambarau chini. Digitaria ina jani pana lenye manyoya na hulala chini. Setaria ya njano ina nywele ndefu chache pale jani linapoanza.

Kipande A kimetoa masuke machache Septemba. Mapengo mawili yalizibwa mapema mwezi huohuo. Mche ukipandwa baada ya hapo haupati muda wa kushika, na ardhi ikiganda na kuyeyuka inausukuma juu hadi mizizi inaona hewa. Unaokutwa hivyo Machi urudishwe kwa kisigino siku hiyohiyo.

Mwaka wa pili, Machi na Aprili

Mabua hayakukatwa vuli. Ndege wadogo wa majira ya baridi wanakula mbegu zake, mashina yanashika theluji, na kitako kinalindwa. Yalikatwa mwisho wa Machi kwa kimo cha sentimita 10 na majani yote yakarekiwa nje. Kwenye mbuga kazi hii ilifanywa na moto, uliowashwa na radi na zaidi na wenyeji asilia wa nchi hii. Mjini kuchoma hakuruhusiwi bila kibali. Mkasi na reki vinafanya sehemu kubwa ya kazi ile: vinaondoa matandazo makuukuu na kuacha jua lipashe udongo mweusi. Mabua ya maua yameachwa ya sentimita 30, kwa kuwa kuna nyuki wapweke wanaotaga ndani yake.

Aprili nzima mashina yatakuwa makavu. Si mafu. Subiri hadi katikati ya Mei kabla ya kuhukumu. Ucheleweshaji huu una manufaa makubwa: kila kilicho kijani Aprili na si ua unalolijua ni adui. Ukoka uliorudi pembeni, Bromus inermis, mbaruti. Vyote vinaonekana peupe wakati blustemu imelala, na udongo una unyevu wa kuachia mizizi. Kazi ya palizi ya mwaka mzima iko hapa.

Agosti

Mashina yamefika sentimita 90, masuke yanatoka. Upande wa mashariki wa A, safu inayopakana na ukoka wa jirani, imelala chini baada ya mvua ya upepo. Zilizobaki zimesimama. Ukichunguza, sababu ziko tatu kwa pamoja: mbolea ya ukoka inayorushwa na kuvuka mpaka, kinyunyizio kinachofika mita moja ndani, na kivuli cha saa za jioni. Shina la katikati lina majirani pande zote wa kuegemea. La pembeni halina.

Kufunga kamba ni kupoteza wakati, kwa sababu shina lililofungwa linavunjika kwenye kamba. Hatua zilizochukuliwa: kinyunyizio kimegeuzwa kwa ruhusa ya mwenyewe, na kati ya mashina ya pembeni zimepandikizwa Bouteloua tatu kuziba upepo. Mwakani, wiki ya kwanza ya Juni, safu hiyo itakatwa theluthi moja ikiwa na sentimita 30 hivi. Ukataji huo unachelewesha masuke kidogo na kuyafupisha mabua. Ukifanywa Julai unaondoa masuke yenyewe.

Kipande B sasa ndicho kizuri zaidi. Mashina ni mafupi, yamebanana, hakuna lililolala.

Mwaka wa tatu, Juni hadi Oktoba

Safu iliyokatwa Juni imesimama. Miche iliyojiotea imeonekana penye udongo wazi, hasa karibu na njia. Ile ya njiani imeng'olewa ikiwa midogo, kwani mizizi ikishashuka haitoki bila sepeto. Matandazo ya magome ambayo wengi huyaweka kwa unadhifu yangezuia miche hii na kushika unyevu kwenye vitako. Hatukuyaweka.

Viwavi vya vipepeo wadogo wa jamii ya Hesperiidae hula majani ya blustemu na kujificha kitakoni. Jani lililotafunwa si ugonjwa. Hakuna dawa inayopulizwa.

Mbegu zimevunwa katikati ya Oktoba, suke linapokuwa na manyoya meupe na kuvutika bila nguvu. Likihitaji kukwanyuliwa, bado. Zimekaushwa kwenye mifuko ya karatasi wiki mbili mahali penye hewa, kisha zikaingia chupa kavu, ndani ya friji. Nguvu ya kuota inashuka baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo chupa ina mwaka.

Kazi inayosubiri: mashina mawili ya A yanaanza kukonda katikati. Bado yana miaka kadhaa, lakini yakifika duara tupu yatachimbwa masika, machipukizi yakiwa na sentimita 5 hadi 10, yakatwe kwa sepeto kali vipande vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja na machipukizi yasiyopungua matano, kitovu kikavu kitupwe. Si vuli, kwa sababu ileile ya miche ya Septemba.